Mpini mbichi ndio unaochubua mikono

Mhariri,

Palizi ya mikorosho ikifika, mipini mingi sokoni hapa Masasi huuzwa ingali mibichi. Tunawasihi wauzaji waikaushe kwanza kivulini, juani hupasuka. Mti mbichi ukikauka husinyaa na jembe hulegea. Wengi hulilowesha majini ili likaze, lakini nafuu hiyo haidumu: mti unaovimba ndani ya chuma hujiponda, ukikauka huwa mwembamba kuliko mwanzo.

Jembe lenye tundu la duara lipitishwe kutokea ncha nyembamba ya mpini mpaka likwame kwenye kichwa kinene. Hapo kila unapolirusha linajikaza lenyewe. Likikwama mapema, litoe, utaona chuma kimeacha alama; piga tupa hapo tu, kidogokidogo.

Na unene wa kushikia? Ukiufumbata, gumba liguse ncha ya kidole cha shahada, takriban sentimita 3.5 kwa mkono wa wastani. Mnene huchosha kiganja. Mwembamba huzunguka mkononi, na malengelenge huanzia hapo. Malizia kwa msasa na mafuta kidogo. Vanishi msipake, kwa jasho huteleza.

Wachonga mipini,
Masasi, Mtwara