Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Elimu wa Kaunti: turudishie ukurasa wa tatu

Bi. Mkurugenzi,

Pokea salamu zetu za heshima. Tunakuandikia hadharani kwa sababu barua tatu za kawaida, zile zenye mhuri na nakala, zilishafika afisini kwako na hatujui zimelala kwenye faili gani. Hii ya nne tumeona bora isomwe na kila mtu.

Ijumaa iliyopita jarida la mwezi la shule yetu ya sekondari msingi, yaani gredi ya 7 hadi ya 9, lilirudi kutoka kwako. Kurasa tatu zilikuwa salama. Ule wa tatu ulikuwa umepigwa mstari mwekundu kutoka pembe hadi pembe, tukaelezwa kwa simu kwamba una habari zisizojenga, uondolewe, na mahali pake ziwekwe picha sita za rangi za ziara yako. Picha tunazo. Ziara ilikuwa nzuri na chai ilitosha. Shida ni kwamba ukurasa wa tatu ndio jarida lenyewe. Kurasa nyingine ni kanga tu iliyomfunika mwali.

Tukumbushane kidogo. Mwaka jana, kwenye mkutano wa wazazi, ulisimama ukasema kila sekondari msingi itoe taarifa ya mwezi ili mzazi ajue mtoto wake anafundishwa nini darasani. Watu walipiga makofi, na sisi tulipiga. Ukaahidi pia mwalimu wa tano na sanduku la vifaa vya sayansi kabla ya muhula kwisha. Hukusema muhula upi, na kosa ni letu kwa kutouliza. Mwalimu hajafika. Sanduku halijafika. Kilichofika ni waraka wa jarida, nao tumeutekeleza neno kwa neno, na hapo ndipo tulipokosea.

Jarida lenyewe ni karatasi moja ya A3 iliyokunjwa katikati ikatoa kurasa nne za A4. Wa kwanza ni kalenda na matangazo. Wa pili ni insha na mashairi ya wanafunzi. Wa nne ni maelezo ya kazi za tathmini zinazokuja. Wa tatu ni jedwali lenye safu sita: somo, mada ndogo, vipindi vilivyopangwa, vipindi vilivyofundishwa, kama mada ilifanywa kwa vitendo au kwa maneno tu, na mwisho, kilichokosekana. Hiyo safu ya sita ndiyo iliyokuudhi, tunafikiri.

Takwimu zake hazitoki kichwani. Kila mwalimu anajaza rekodi ya kazi kila wiki, na kila darasa lina daftari la mahudhurio ya vipindi analotia sahihi kiranja, lile lile ambalo Tume ya Huduma ya Walimu inalidai. Mwisho wa mwezi tunalinganisha. Hazilingani kamwe. Rekodi ya mwalimu ikisema 15, ya kiranja itasema 13, kwa sababu mwalimu amehesabu na kile kipindi alichoacha kazi ubaoni akakimbilia darasa la jirani. Sisi huchapisha namba ndogo. Kama kuna ushushaji wa hadhi ya shule hapo, basi umefanywa na mtoto wa miaka 13 mwenye kalamu ya bluu na asiyejua kudanganya.

Chukua mfano wa mstari mmoja tu uliofutwa: Sayansi Jumuishi, gredi ya 7. Vipindi 5 kwa wiki, wiki nne, jumla 20. Vilivyofundishwa ni 13. Saba vilikwenda wapi? Viwili, mwalimu wa somo aliitwa semina ya siku mbili. Vitatu, siku za michezo. Viwili, mvua: paa la darasa ni la mabati yasiyo na dari, na mvua ikianza hata anayekaa dawati la mbele hasikii. Yote haya yalikuwa kwenye jedwali, kila sababu kwa maneno matatu au manne. Hakuna tusi wala siasa ndani yake.

Na kwa nini mwalimu mmoja akiondoka shule inapinda? Hesabu ni ya gredi ya 4. Tuna madarasa matatu: gredi ya 7 wanafunzi 52, ya 8 wanafunzi 61, ya 9 wanafunzi 48. Kila darasa vipindi 40 kwa wiki, kila kipindi dakika 40. Hiyo ni vipindi 120 kwa walimu 4, yaani 30 kwa kila mmoja, 6 kati ya 8 vya siku. Wakati wowote madarasa matatu yanashika walimu watatu, anabaki mmoja wa kusahihisha daftari na kupakia alama kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani. Mmoja akienda semina, hakuna anayebaki. Wa pili akisindikiza timu ya mpira, darasa moja linakaa peke yake, na kiranja anaandika hivyo.

Masomo ni 9 tangu yalipopunguzwa kutoka yale mengi ya mwaka 2023, na tulishukuru kwa hilo. Lakini mwalimu husomea mawili. Walimu wanne, hata masomo yao yasingegongana, wangekuwa na manane. Nayo yanagongana: wawili kati yetu walisomea Kiswahili na Dini. Kwa hiyo masomo yenye wenyewe ni sita, na matatu yanashikwa na aliye karibu. Ndiyo maana kwenye Masomo ya Awali ya Ufundi jedwali lilisema 4 kati ya 16. Unaweza kuifuta namba hiyo kwa wino mwekundu, Bi. Mkurugenzi, lakini vipindi 12 havitarudi.

Chini ya jedwali kulikuwa na kisanduku tulichokiita Fanyeni Nyumbani. Nacho kilikatwa. Kwa kuwa hatuna pengine pa kukiweka, tunakiweka hapa, wazazi wakikate gazetini kama dawa.

Mada ilikuwa asidi na besi. Shule haina karatasi za litmasi za kupimia asidi na besi, ila rozela kavu, ile ya chai nyekundu, inauzwa sokoni. Chukua kiasi cha kiganja kimoja, tia kwenye kikombe cha maji ya moto, acha dakika 10, chuja kwa kitambaa. Kisha, na hapa ndipo wengi huharibu, punguza kwa maji mpaka uone kidole chako upande wa pili wa gilasi. Ikiwa nzito kama damu, rangi itageuka na hutaiona. Panga gilasi nne: maji ya limau, maji ya mvua, maji yenye kijiko cha magadi, na maji ya jivu yaliyochujwa. Tia matone 10 ya rozela kila moja. Kwenye limau wekundu unang'aa. Kwenye magadi na jivu rangi inageuka, inaelekea kijani, na jivu likiwa kali inafifia polepole kuwa manjano. Maji ya mvua ndiyo ya kulinganishia, na usitumie ya kisima: kisima chetu kina chumvichumvi za magadi, na kundi la kwanza la gredi ya 7 liliandika kwamba maji matupu ni besi. Walikuwa sahihi kuhusu kisima, wakakosa kuhusu maji. Rozela iliyobaki usiilaze zaidi ya siku moja bila friji, inachacha.

Hilo tulilifanya darasani, watoto 52, makundi 6. Lilikula vipindi viwili, kwa sababu kwenye dakika 40, dakika 10 ni za kugawa gilasi, 10 za kuosha na kukusanya, na 20 zilizobaki hazitoshi makundi yote kufika meza ya mwalimu. Kwa hiyo safu ya tano ilisema: kwa vitendo. Tuliiandika kwa fahari kabisa.

Mada iliyotangulia ilikuwa kutenganisha michanganyiko. Kuchuja mchanga tulifanya. Kutoa misumari kwenye unga kwa sumaku tulifanya, sumaku ikitoka kwenye spika mbovu ya redio. Lakini kuchemsha maji ya chumvi, kuukusanya mvuke na kuupoza uwe maji safi, hilo halifanyiki kwa sufuria na kifuniko mbele ya watoto 52 kwenye darasa la mbao. Linahitaji chupa ya kuhimili moto, mrija wa kupoza na mahali pa kuwasha moto bila kuunguza shule ya msingi iliyotuhifadhi. Watoto walichora mchoro. Safu ya tano ikasema: kwa maneno. Safu ya sita ikasema: vifaa. Neno moja, Bi. Mkurugenzi. Ndilo lisilojenga.

Tunaambiwa badala yake picha. Sawa, tuzungumze picha kama watu wanaochapisha. Ukurasa wa nyeusi na nyeupe hapa sokoni ni shilingi 5, wa rangi ni 30. Jarida zima la kurasa nne, nakala 161, ni shilingi 3,220. Ukurasa mmoja tu wa rangi kwa nakala hizo ni shilingi 4,830, yaani jarida zima na nusu yake. Tukibana matumizi tukapitisha picha za rangi kwenye fotokopi ya kawaida, nyuso za watoto zinageuka doa jeusi, yanabaki meno na kola. Tukizituma kwa WhatsApp, mzazi mwenye kabambe, simu ya vibonye isiyo na WhatsApp, hapati kitu, na wazazi wenye kabambe kwetu ni wengi.

Hao ndio tuliowatengenezea ujumbe mfupi unaotoka kwenye huo huo ukurasa wa tatu: "Gredi 7 Sayansi: vipindi 13 kati ya 20. Asidi na besi zimefundishwa kwa vitendo. Kutenga chumvi na maji kwa mvuke: bado, hakuna vifaa. Muulize mtoto." Herufi 149 pamoja na nafasi, chini ya 160, kwa hiyo ni ujumbe mmoja, si miwili. Tuambie ziara yako tuiweke vipi kwenye herufi 160. Tutajaribu.

Na kuna sheria. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi kabla ya kutumia taarifa za mtoto, picha ikiwemo. Mwaka 2023 shule moja ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 na afisi ya Kamishna wa Data kwa kuweka picha za watoto bila idhini. Mgao wa serikali ni shilingi 15,042 kwa mwanafunzi wa sekondari msingi kwa mwaka. Kwa watoto wetu 161 ni shilingi 2,421,762 kwenye karatasi, zinapokuja zote, na huja kwa vipande na kwa kuchelewa. Faini kama ile ingemeza karibu miaka miwili. Simu ya afisi yako ilidai picha sita. Haikusema lolote kuhusu fomu za idhini.

Kwa nini tunang'ang'ania? Kwa sababu alama za gredi ya 7 na ya 8 hazibaki shuleni. Tathmini hizo zina asilimia 20 kwenye matokeo ya mwisho ya gredi ya 9, ile ya gredi ya 6 ina 20, na mtihani wa kumaliza gredi ya 9, KJSEA, una 60. Mzazi anayejua mwezi huu kwamba mada fulani haikufanyika anaweza kutafuta rozela, kumwomba fundi wa mtaani amwonyeshe mtoto randa na msumeno, au kuja shuleni kutugombeza. Anayeletewa picha sita za ziara anajua mwishoni mwa gredi ya 9, na wakati huo hatuna cha kumwambia.

Tunakisia sababu ya mstari mwekundu, na tukikosea utuwie radhi. Nakala za majarida huenda zinapanda ngazi. Safu ya sita ya shule moja ni malalamiko. Ya shule 30 ikijumlishwa inakuwa ankara, na ankara inahitaji mlipaji. Labda ni hilo. Labda ni mtu tu afisini aliyeona neno "bado" likijirudia mara tisa akaona haya kwa niaba yako. Wewe uliitisha taarifa za darasani. Hizi ndizo taarifa za darasani.

Tulikuwa na madai mengi tulipoanza kuandika. Mwalimu wa tano. Sanduku. Dari. Tarehe za semina zisigongane na michezo. Tumeyaacha, si kwa sababu hayana uzito, bali kwa sababu kila ukiletewa mengi huchagua lile la chai. Wiki hii tunaomba moja: turudishie ukurasa wa tatu. Usibadilishe namba, usihamishe safu ya sita, usituambie tuuite "changamoto chache zilizopo". Turudishie kama ulivyokuwa. Ukitaka picha zako, tutakuchapishia karatasi ya pembeni, ya rangi, fomu za idhini zikishatiwa sahihi na shilingi 4,830 zikishatoka kwenye bajeti ya afisi yako.

Jarida linaingia mashine ya fotokopi Ijumaa saa nne asubuhi. Kurasa tatu ziko tayari. Nafasi ya ule mwingine tumeiacha wazi, na saa tatu na nusu kiranja wa gredi ya 7 atakuwa ameshika daftari lake mlangoni pa afisi ya mwalimu mkuu, asubiri simu yako.

Wako kwa heshima,
Walimu wanne wa sekondari msingi, na wazazi wawili wa kamati ya jarida