Barua kwa Wakili kuhusu Kifaa cha Kupuliza

Ligula, Mtwara
Novemba

Ndugu yangu Hassani,

Assalaam alaykum. Ni matumaini yangu kuwa barua hii itakukuta mzima wewe, shemeji na watoto. Sisi huku hatujambo, korosho zinashuka, na malori yanayokwenda bandarini hayatupi usingizi. Najua nimekaa kimya mno na kwamba simu ingetosha, lakini jambo lenyewe lina matawi mengi, na wewe ukipigiwa simu hukawii kusema uko mahakamani.

Chama chetu cha wenye mabasi madogo kimepata mgeni. Mfanyabiashara kutoka Dar es Salaam ametuletea kifaa kinachofungwa kwenye gari na kulizuia lisiwake mpaka dereva apulize na pumzi yake ionekane haina pombe. Tangu gari la Mzee Mchopa lilipoingia mtaroni, na unajua dereva wake alikuwa anatokea wapi, wanachama wamepandwa na hamu ya kununua. Mimi kama katibu nimetwishwa kazi ya kuandika kanuni: dereva akikutwa na kosa la ulevi, gari analoliendesha lifungwe kifaa. Ni sentensi moja tu, wanasema. Sentensi hiyo moja ndiyo iliyoninyima raha.

Majaribio yalifanyika stendi, kwenye Coaster ya Saidi. Ni kidude cha kushika mkononi, chenye mrija wa plastiki unaobadilishwa, na waya wake unapita chini ya dashibodi hadi kwenye nyaya za swichi. Ndani mna sensa inayougeuza mvuke wa pombe kuwa umeme kidogo. Pombe ikiwa nyingi umeme nao huwa mwingi, na starta hainyanyui. Dereva alipuliza, taa ya kijani ikawaka, gari likanguruma, tukapiga makofi. Mzee Mchopa, kwa sauti yake ile, akauliza kama kinatambua na uraka, pombe yetu ya mabibo ya korosho, au ni bia za kiwandani tu, maana msimu wa mabibo ndio huu. Muuzaji akamhakikishia kuwa pombe ni pombe. Basi Mzee akamwita kondakta, kijana ambaye hata togwa haonji, akamwamuru apulize yeye huku dereva amekaa kwenye usukani. Gari likawaka vilevile. Watu walicheka hadi machozi, muuzaji hakucheka.

Nimelisoma jambo hili kwa kina, na nimeona kuwa wenzetu walikwishapita hapo zamani. California ilitunga sheria ya kuvijaribu vifaa hivi mwaka 1986. New Mexico, mwaka 2005, ikaamuru vifungwe hata kwa aliyetiwa hatiani mara ya kwanza. Na leo majimbo yote 50 ya Marekani yana sheria ya namna fulani kuvihusu. Dawa yao kwa kondakta wetu ni kupuliza tena njiani: kifaa hulia wakati dereva hategemei, naye hutakiwa apulize upya, na mahali pengi ipo kamera inayompiga picha anayepuliza. Akishindwa, injini haizimwi, kwa kuwa kulizima gari lililo kwenye mwendo ni kuwatia watu hatarini zaidi. Honi hulia au taa humulika, na kosa huandikwa kwenye kumbukumbu ya kifaa. Sasa jiulize kumbukumbu hiyo inasomwa na nani. Kwao mkosaji hulipeleka gari kwenye kituo kilichoidhinishwa, kwa kawaida kila baada ya siku 30 hadi 90 kulingana na jimbo, kifaa kipimwe usahihi wake na taarifa ziende kwa mamlaka ya leseni au kwa mahakama. Muuzaji wetu, tulipomuuliza, alijibu kwamba atakuwa anapitapita.

Wewe ni mtoto wa mkulima wa korosho, utanielewa upesi. Mzani wa AMCOS, chama cha ushirika kinachopokea korosho zetu, hauaminiwi kwa upya wake, unaaminiwa kwa sababu Wakala wa Vipimo wameukagua na kuuwekea alama. Sensa ya pombe nayo huchoka kadiri siku zinavyokwenda, na hakuna atakayejua imechoka mpaka ipimwe. Ikidanganya upande mmoja, mlevi anaondoka na abiria. Ikidanganya upande wa pili, dereva msafi ananyimwa riziki. Hata mdomo wenyewe unaweza kudanganya, kwani aliyesukutua kwa dawa ya kinywa yenye spiriti, au aliyekunywa togwa iliyochacha, anaweza kusomeka kuwa na pombe kwa dakika chache. Ndiyo maana kule mtumiaji hufundishwa asukutue kwa maji, asubiri kama robo saa, kisha apulize tena. Abiria wa saa kumi na moja alfajiri wa Mtwara kwenda Masasi watamsubiri dereva robo saa, au watamla mzima?

Kuhusu kiwango sina maneno mengi. Sheria yetu ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inataja miligramu 80 za pombe katika mililita 100 za damu, na mwanachama mmoja anataka tuinakili hivyo hivyo. Nimekataa. Miongozo ya Marekani hukitaka kifaa kigome kwenye miligramu 20, yaani robo ya hapo, na kwa mtu aliyekwishatiwa hatiani sioni sababu ya kumlegezea zaidi. Dereva aliyezuiwa akitushtaki, wewe ndiwe wa kututetea, na kwa bei ya udugu.

Lakini linaloniumiza kichwa kuliko yote ni gari kuwa si la dereva. Sheria za Marekani zinamfikiria mtu mwenye gari lake nyumbani. Majimbo mengi humruhusu mkosaji aendeshe gari la mwajiri bila kifaa, mradi mwajiri ameshaarifiwa, ili asipoteze kazi. Ni huruma nzuri kwa karani anayetumwa na gari la ofisi. Ukiileta kwetu, huruma hiyo inaimeza kanuni yote, kwa maana madereva wetu wote wanaendesha magari ya mabosi. Na ukiuondoa msamaha huo, bado hujamaliza: tukilifunga kifaa gari la Saidi, dereva wake ataenda kuomba la Binti Hamisi, na wiki itakayofuata utamkuta deiwaka, yaani kibarua wa siku, kwenye gari la tatu. Tutakuwa tumelifungia gari adhabu, mtu tumemwacha.

Ufaransa walifuata njia nyingine: mwaka 2015 waliyataka mabasi makubwa ya abiria yote yawe na kifaa hiki, bila kusubiri nani kakosa. Njia hiyo inaifaa hali yetu zaidi, kwa kuwa kila anayeshika usukani anapuliza, awe deiwaka au mwenye gari mwenyewe. Tatizo ni fedha. Kule Marekani kwa kawaida mkosaji ndiye anayelipia kufunga na kodi ya kila mwezi, na New Mexico wana mfuko wa kuwasaidia wasio na uwezo. Sisi tukimkata dereva posho yake, atafidia kwa mwendo kasi.

Hapo ndipo nikakumbuka VTS, mfumo wa kufuatilia magari wa LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini. Mabasi ya masafa marefu yanafuatiliwa mwendo, na dereva hujitambulisha kwa kitufe chake. Kama kutambulishwa kwa dereva kumewezekana, basi adhabu inaweza kumfuata yeye popote anapokwenda. Nimeandika rasimu inayosema kwamba jina la dereva aliyetiwa hatiani litajulishwa kwa wanachama wote, na mwanachama hatampa gari lisilo na kifaa mpaka miezi kadhaa ipite mfululizo bila kosa kwenye kumbukumbu. Nimesisitiza hilo la mwisho kwa sababu utafiti wa Marekani unaonyesha kuwa kifaa hupunguza kukamatwa tena kwa takribani asilimia 70 kikiwa kimefungwa, na kikishatolewa watu hurudia mwendo wao wa zamani. Anayengoja tarehe tu ataingoja tarehe, kisha ataingia kilabuni.

Nimeongeza pia kwamba msoma kumbukumbu asiwe mwenye gari. Hili limeleta manung'uniko, na Saidi hanisalimii tangu Jumanne. Lakini wewe unajua hesabu ya jioni, zile fedha dereva anazomkabidhi bosi, inavyomfumba mtu macho: mwenye gari akiona dereva wake alipuliza pombe asubuhi, na jioni hesabu imetimia, ataliona kosa gani? Msimamo wangu ni kwamba tusinunue hata kimoja mpaka pawe na mpimaji asiye muuzaji, na msomaji asiye bosi. Wenzangu wananiona mkwamishaji. Mwenyekiti amesema kwa utani kwamba labda nami naogopa kupuliza.

Basi naomba unisaidie. Je, chama cha hiari kinaweza kuwabana madereva kwa kanuni hii, au lazima iingie kwenye mkataba wa ajira wa kila mmoja? Kulitangaza jina la aliyetiwa hatiani miongoni mwa wanachama kunaweza kutuletea kesi? Yule rafiki yako wa Wakala wa Vipimo bado yuko Lindi, na angekubali kutuambia kama wanaweza kukikagua kifaa cha namna hii? Dereva akipinga alichosoma mashine, apelekwe hospitali kupimwa damu kwa gharama ya nani? Na je, unaweza kufika kwenye mkutano, maana maneno haya yakitoka kwa wakili hayatanunwa kama yakitoka kwangu? Nauli na chakula viko juu ya chama, na mama Zuhura ameahidi pweza wa nazi.

Rasimu nimeiambatanisha. Iandike wino mwekundu utakavyo, kisha uirudishe kwa basi la Alhamisi, umkabidhi kondakta. Mkutano ni Jumamosi.

Wako katika udugu,
Bakari