Barua kwa vijana wa Dar es Salaam: nendeni pwani maji yakipwa

Wanangu,

Salaam nyingi. Wengi wenu mnakaa Kawe, Mikocheni, Mbezi au Kigamboni, upepo wa bahari unaingia mpaka chumbani, na bado bahari mnaijua kwa upande mmoja tu: jioni ya Jumapili, mihogo ya kukaanga, muziki na picha. Si vibaya. Ila ipo bahari nyingine, ya asubuhi ya bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida, maji yanapotoka na kuacha mwamba wazi. Hiyo ndiyo ninayowaomba muiendee. Macho yanayoshinda kwenye simu yanahitaji kutazama mbali, na imethibitika kwamba watoto wanaokaa sana nje, kwenye mwanga wa mchana, hawapatwi upesi na tatizo la kutoona mbali.

Ratiba yenu ni mwezi. Bamvua huja na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na hukolea siku moja au mbili baadaye. Siku hizo, hapa kwetu, maji hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, kisha kila siku huchelewa kwa dakika kama 50. Ndiyo maana mtu akienda Jumamosi hii akatembea juu ya mwamba, akarudi Jumamosi ijayo saa ileile, anaukuta umefunikwa: wiki imepita, mwezi ni nusu, ni maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, na saa ya kupwa imehamia jioni. Mabamvua makubwa zaidi ni ya Machi na Septemba.

Fikeni muda wa saa mbili kabla ya maji kupwa kabisa, muyafuate yanavyotoka. Yakisimama tu, geukeni. Hapa ndipo watu wanapokosea, maana maji ya kujaa hayaji kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza hupanda kidogo sana, mtu akadhani ana muda wa kutosha. Saa ya tatu na ya nne ndizo zenye kasi: kwenye bamvua la tofauti ya mita tatu, kila moja huinua maji kwa sentimita 75 hivi. Tena hayaanzii mbele yenu. Huingia kwanza kwenye mikondo na mabonde yaliyo nyuma yenu, ninyi mkiwa juu ya fungu la mchanga mnaona bado pakavu. Kila mkondo mnaouvuka wakati wa kwenda, kumbukeni mlipouvukia.

Miguuni vaeni raba za zamani zenye soli ngumu. Ndala zinanaswa kwenye tope, na miba mirefu myeusi ya wale viumbe wa mviringo wa mwambani (sea urchin) inapenya soli yake. Mwiba ukikuingia, toa unaoonekana kwa kibano. Usichimbe nyama, utaukatia ndani. Mchangani burura miguu badala ya kuinyanyua, ili samaki aitwaye taa, aliyejifukia, akusikie aondoke. Akikuchoma, tumbukiza mguu kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia, kwa nusu saa hadi saa moja na nusu, kisha nenda hospitali. Joto lipimwe kwa mkono, kwa sababu mguu wenye maumivu hauhisi sawasawa na unaweza kuungua. Kombe lenye umbo la pia usiliokote hata likiwa zuri namna gani. Aliyemo ndani anaweza kuwa na sumu ya kuua mtu. Na jua la saa tano ni kali: kofia, mikono mirefu, na lita moja na nusu ya maji kwa kila mmoja.

Sasa chuchumaeni kwenye kidimbwi kimoja, mkae dakika kumi bila kusogea. Kwanza hamtaona kitu. Halafu kombe dogo litaanza kutembea, kumbe ndani kuna kaa. Mkiona tundu lenye magamba ya kaa na vijiwe vimerundikwa mlangoni, hapo anakaa pweza, msimchokoe. Jiwe mkiligeuza, lirudisheni lilivyokuwa, kwa sababu viumbe vya upande wa chini hufa vikipigwa na jua. Visiwa vya Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini ni hifadhi tangu 1975, kwa hiyo huko msichukue chochote.

Siku za maji mafu nendeni mikokoni Kunduchi. Lambeni jani la mchu, mti mmojawapo wa huko, mtaonja chumvi ambayo mti umeitoa mwilini mwake. Mkoko nao mtauona umebeba miche mirefu ya kijani ambayo imeota ingali juu ya mti.

Miezi ya upepo wa kusi, hasa Juni hadi Agosti, mawimbi ni makali, kwa hiyo msikaribie ukingo wa nje wa mwamba. Safari ya kwanza iwe Oysterbay, watu watatu au wanne, mmoja akiwa na saa mkononi. Aliye nyumbani aambiwe mtarudi saa ngapi. Na mkiwakuta kina mama wanaovua kwa miguu, waamkieni, muwaulize maji yanarudi lini. Wakianza kuondoka, ondokeni nao.