Kona Kali Kuliko Umri: Jinsi ya Kutambua Kadi ya Besiboli Iliyopunguzwa Kingo

Mteja akituletea kadi ya besiboli (kadi ndogo yenye picha ya mchezaji) ya miaka ya 1950 yenye kona kali kana kwamba imetoka kiwandani jana, hatuanzi kwa kuuliza mchezaji ni nani. Tunapima upana. Kadi iliyopunguzwa kingo ndiyo inayowatia wakusanyaji hasara kubwa, kwa sababu kwa macho inavutia kuliko kadi safi. Ukiituma PSA au SGC, kampuni zinazokagua kadi na kuzipa daraja la ubora, itarudi bila daraja, au itaandikwa kuwa ni halisi lakini imebadilishwa, na mara nyingi bei yake inakuwa chini ya kadi iliyochakaa kidogo ya mchezaji yuleyule.

Watu hukata kwa sababu mbili: kona zimeviringika, au picha imekaa upande mmoja na mtu anataka pambizo zilingane. Tamaa yenyewe inaeleweka. Kadi ya mchezaji Mickey Mantle ya kampuni ya Topps ya 1952, namba 311, iliyopewa daraja 9.5 kati ya 10 na SGC, iliuzwa dola milioni 12.6 mwezi Agosti 2022. Wala usidhani kifuko cha plastiki ambamo kampuni hizo hufungia kadi yenye daraja kinamaliza ubishi. Kadi maarufu kuliko zote, ya mchezaji Honus Wagner katika seti ya T206, ilikuwa na daraja 8 la PSA na iliuzwa dola milioni 2.8 mwaka 2007. Mwaka 2013 mnadishaji Bill Mastro alikiri mahakamani kwamba ndiye aliyeikata kingo.

Anza na saizi. T206, zilizotoka na sigara kati ya 1909 na 1911, zina takriban milimita 36.5 kwa 66.7. Kadi ya kampuni ya Goudey ya 1933 ni 60.3 kwa 73. Topps ya 1952 ni 66.7 kwa 95.3, na kuanzia 1957 Topps walihamia 63.5 kwa 88.9, saizi inayotumika hadi leo. Kipimo hiki kinakukinga na jambo jingine pia: mwaka 1983 Topps wenyewe walichapisha upya seti ya 1952 kwa saizi hiyo ndogo, na bado watu hununua nakala hizo wakidhani wamepata za asili.

Pima sehemu tatu: ncha zote mbili na katikati. Aliyekata kwa mkono mara nyingi huacha kadi nyembamba upande mmoja, au kingo iliyobonyea kidogo katikati. Tumia rula angavu ya plastiki; usibane kadi kwa taya za vernia (kifaa cha kupimia chenye taya), maana zinaacha alama kwenye karatasi laini. Kisha tafuta kadi ya bei rahisi ya seti hiyohiyo, ya mchezaji asiyejulikana, uziweke pamoja mgongo kwa mgongo. Upungufu wa sehemu ndogo ya milimita si ushahidi, hasa kwa T206, kwani visu vya kiwandani enzi hizo havikukata sawasawa. Upungufu wa milimita nzima ni habari nyingine.

Baada ya hapo chukua lenzi ya mara 10 na uangalie kingo zenyewe chini ya taa, huku ukiinamisha kadi polepole. Hapa ndipo ukweli hujitokeza. Karatasi ya miaka 70 huwa na rangi ya kikahawia pande zote nne, nyuzi zake zimelala na kushika vumbi. Kingo iliyokatwa karibuni ni nyeupe kuliko nyingine, inang'aa, na wakati mwingine imelala mshazari. Linganisha pia uchakavu: uso wenye mikwaruzo na mikunjo ni nadra kuwa na kona nne kali. Kwa kawaida vyote huzeeka pamoja.

Zipo kadi ambazo kukatwa si kosa. Za chapa ya Post za mwanzoni mwa miaka ya 1960 na za chapa ya Hostess za 1975 hadi 1979 zilichapishwa kwenye maboksi ya vyakula, na mnunuzi alizikata mwenyewe kwa mkasi. Za kampuni ya O-Pee-Chee kutoka Kanada nyingi zina kingo zenye nyuzi tangu kiwandani. Tafadhali usizisugue ili zilainike. Ndivyo kadi halali inavyoharibiwa.

Ukitutumia kadi tuikague kabla hujalipia daraja, itie kwenye kifuko laini cha polipropilini, kisha kwenye kishikio cha plastiki kisicho kigumu sana, halafu kati ya vipande viwili vya kadibodi. Usitumie mpira wa kufungia pesa, kwani unakata kingo. Gundi ya utepe isiguse kifuko cha ndani. Hatufuti, hatupigi pasi mikunjo wala hatupaki rangi. Tunakurudishia vipimo vya sehemu zote tatu, picha za kingo nne zilizokuzwa, na maoni yetu kama inafaa kutumwa au ibaki nyumbani.