Daktari anunue saa aipendayo, lakini kwa mgonjwa aivue

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nichangie jambo linalozungumzwa sana hapa Mbeya siku hizi: je, ni sawa daktari kuja kazini amevaa saa ya mamilioni? Nimewasikia wanaosema ni dharau kwa wagonjwa. Nimewasikia pia wanaojibu kwamba huo ni wivu tu, mtu kasoma kwa jasho lake, mwacheni avae. Pande zote mbili zinabishania pesa. Mimi ni fundi saa, meza yangu iko Mwanjelwa, na saa nyingi za madaktari na wauguzi zimepita mikononi mwangu. Ningependa tuitazame saa yenyewe, na mkono unaoivaa.

Niseme msimamo wangu mapema. Daktari ana haki ya kununua saa yoyote anayoimudu. Amekaa chuoni miaka mitano, akaongeza mwaka mzima wa mafunzo ya vitendo hospitalini, na baada ya hapo ni zamu za usiku mpaka astaafu. Akitaka kujifurahisha kwa saa ya Uswisi, ni hela yake. Aivae kanisani, msikitini, kwenye harusi, aivae akiwa na wanawe. Lakini akifika kwa mgonjwa, aivue. Na simsemi mwenye Rolex peke yake. Hata aliyevaa saa ya elfu kumi ya pale stendi, naye aivue.

Sababu yangu ya kwanza naijua kwa vidole. Saa ikiletwa kusafishwa, kabla sijagusa mashine naanza na mkanda. Mkanda wa chuma umeungwa kwa vipande vidogo vilivyoshikwa na pini, na kati ya kipande na kipande pana upenyo ambao huwezi kuuona ukiwa umeivaa. Jasho, sabuni, mafuta ya kujipaka na ngozi iliyokufa, vyote huingia humo na kukaa. Nikichomoa pini na kupitisha brashi yenye petroli, unatoka utando mweusi, mzito, wenye harufu. Juu saa inang'aa, ndani ya viungo ni hivyo. Mkanda wa ngozi ni mbaya zaidi, kwa sababu huo hauoshwi kabisa. Jasho la miaka yote limo. Hapo nasema saa ya mwalimu au ya dereva. Sasa mfikirieni mtu aliyeshinda wodini, amefungua kidonda, amembonyeza tumbo huyu, amempokea mtoto anayeharisha wa yule. Saa ya bei kubwa haina unafuu wowote katika hili. Mara nyingi ndiyo yenye vipande vingi zaidi kwenye mkanda, na mwenyewe ndiye anayeogopa zaidi kuisugua.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2009 unataka mhudumu anawe kwa maji na sabuni kwa sekunde 40 hadi 60, au ajisugue kwa kitakasa mikono sekunde 20 hadi 30. Anayejiandaa kwa upasuaji anatakiwa avue pete, saa na bangili kabla hata ya kuanza kunawa. Mtazameni mtu mwenye saa ya thamani akiwa kwenye karo. Ananawa vidole, ananawa kiganja, akikaribia kifundo anarudi nyuma ili maji yasiifikie. Hajakusudia ubaya. Anailinda mali yake, kama ambavyo mtu yeyote angeilinda.

Uingereza walikwenda mbele zaidi. Mwaka 2007 Wizara ya Afya yao iliagiza kwamba katika hospitali za umma za England, anayemhudumia mgonjwa awe na mikono mitupu kuanzia kiwiko kushuka chini: pasiwe na mikono mirefu ya koti, wala saa, wala vito. Wako madaktari wa huko waliolalamika kwamba ushahidi hautoshi kuweka amri kali kiasi hicho, na ubishi bado upo. Mimi si mtafiti na siwezi kuwaamulia. Lakini kuvua saa hakumgharimu mtu kitu. Mwaka 1847, pale Vienna, daktari Semmelweis aliwataka wenzake wanawe kwa maji yenye klorini kabla ya kuwagusa wanawake waliokuja kujifungua. Vifo vikapungua sana, na bado wakubwa wengi wa taaluma walimkatalia. Akina mama hawakuwa na muda wa kusubiri mabwana wale wakubaliane.

Najua mtu wa Makete au Njombe ataniuliza: Juni na Julai, kwa baridi hii yetu, mikono wazi? Namjibu kwamba mama ntilie wa Uyole anaosha vyombo alfajiri kwa maji yanayouma mifupa, na kabla hajaanza anakunja mikono ya sweta mpaka juu ya kiwiko. Daktari avae fulana nzito ndani na kizibao juu. Mikono ikunjwe.

Wapo wanaosema daktari anahitaji saa nzuri ili ahesabu mapigo ya moyo. Kuhesabu, ndiyo, tena udaktari na saa vimetoka mbali pamoja. Mwaka 1707 daktari mmoja Mwingereza, John Floyer, alieleza kwa maandishi saa aliyoitengenezesha maalumu, inayokwenda dakika moja tu, ili aweze kuhesabu mapigo ya mgonjwa kwa uhakika. Baadaye mafundi wakaweka kwenye uso wa saa mstari wa tarakimu: unahesabu mapigo 30, unatazama mshale wa sekunde umefika wapi, na tarakimu iliyoandikwa hapo ndiyo mapigo ya dakika nzima. Ni ufundi mzuri sana, na anayeumiliki mtambo wa namna hiyo namtakia heri.

Lakini usahihi hauendi na bei. Tangu kampuni ya Seiko ya Japani ilipotoa mwaka 1969 saa ya kwanza ya mkononi ya kwatsi, yaani ya betri inayopata mwendo wake kwa kipande cha jiwe la kwatsi, mchezo ulibadilika. Ndani ya saa ya betri kuna kipande cha kwatsi kinachotetemeka mara 32,768 kwa sekunde, na saa ya kawaida ya aina hiyo hukosea kama sekunde 15 kwa mwezi. Saa ya kimashine ya Uswisi, isiyotumia betri, iliyopimwa na kupewa cheti cha usahihi inaruhusiwa kuchelewa sekunde 4 au kuwahi sekunde 6 kwa siku moja. Piga hesabu ya mwezi uone. Kwa kuhesabu dakika moja ya mapigo, zote zinatosha. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba saa inayouzwa zaidi ya shilingi milioni 20 ameivaa kwa ajili ya mgonjwa.

Niongeze kwamba nyingi ya zile zenye majina makubwa zinazofika mezani kwangu ni feki. Mshale wa sekunde unaruka tik, tik, tik mahali ambapo ungepaswa kuteleza, na nikifungua mfuniko nakuta mashine ya betri ya bei ya chini kabisa. Huwa namwambia mwenye saa kwa sauti ya chini, nikiwa naye peke yake. Mgonjwa hajui tofauti hiyo. Yeye ameona dhahabu.

Hapo nafika kwenye jambo linaloniuma kuliko yote. Mama mmoja muuza ndizi kutoka Kiwira aliniletea saa ya marehemu mumewe, na wakati nikiifungua akanisimulia alivyompeleka binti yake kwenye hospitali moja ya mkoa wetu. Daktari alikuwa kijana mpole, hakuomba kitu, wala hakuwa na lugha mbaya. Lakini mama alisema, "Fundi, nilipoiona ile saa nikajua elfu ishirini niliyoifunga kwenye kanga haitatosha." Alipoulizwa kama binti alimaliza dawa za mara ya kwanza, akajibu ndiyo. Hakuwa amemaliza. Walinunua nusu ya dozi kwa sababu hela iliishia hapo, na mbele ya mkono ule aliona aibu kulisema. Daktari akafanya ambacho daktari yeyote angefanya: akaona dawa ya kwanza imeshindwa, akaandika nyingine, kali zaidi na ya bei zaidi.

Hakuna aliyekosa adabu katika kisa hicho, na bado binti alitibiwa kwa habari isiyo ya kweli. Watu wetu wa vijijini hawaji na maneno mengi hospitalini. Mtu ametoka Isongole au Chimala, amekaa kwenye benchi tangu asubuhi, amesema "shikamoo dokta" kwa mtu mwenye umri wa mwanawe. Anamsoma daktari kwa macho kabla hajafungua mdomo. Anatazama viatu, anatazama mkono, halafu anapima aseme kiasi gani. Wengine wanawaza bahasha, ingawa mwenye saa hajawaza lolote la namna hiyo. Daktari anayetaka kuambiwa kweli aondoe hicho kinachomfunga mgonjwa mdomo, maana kukiondoa kunachukua muda mfupi sana.

Nawaambia pia madaktari wenyewe, kwa upendo. Mwaka 2012 mlipogoma mkidai malipo na mazingira bora ya kazi, mimi nilikuwa upande wenu, na nilibishana na wateja hapa hapa mezani. Nilijua mnafanya kazi bila vifaa. Siku mtakapokuwa na dai jingine, na dai halali haliwezi kukosekana, itakuwa kazi ngumu kuwatetea kwa mtu ambaye alichoondoka nacho hospitalini ni kumbukumbu ya saa.

Sasa mtu atauliza: wakivua, watahesabu kwa nini? Hilo ndilo swali ambalo wakubwa wa hospitali wanapaswa kuulizwa, maana kwenye vyumba vingi vya matibabu saa ya ukutani ama haipo ama imekufa. Mjukuu wangu wa miezi minane alibanwa na kifua usiku mmoja tukiwa kijijini upande wa Tukuyu, tukamkimbiza zahanati. Ukutani kulikuwa na saa iliyosimama. Muuguzi alikuwa ameshanawa, hakutaka kugusa simu yake. Akaniambia, "Babu, saa yako ina sekunde? Isogeze hapa nione, usinipe." Nikaishika mbele ya macho yake, yeye akafunua kifua cha mtoto na kuhesabu pumzi dakika nzima, bila kukatisha, ingawa mama wa mtoto alikuwa analia. Zilikuwa 58. Akatueleza kwamba kwa mtoto wa miezi miwili hadi mwaka, pumzi 50 au zaidi kwa dakika ni za haraka kupita kawaida, na kwamba kwa aliyevuka mwaka hadi miaka mitano mpaka ni 40. Kwa hesabu ile na dalili nyingine alizozitazama akasema ni nimonia, akatupa vidonge vya amoksisilini vya kuyeyusha kwenye maji, akatufundisha dalili za kuturudisha haraka. Mtoto alipona.

Ile dakika moja ndiyo iliyoamua matibabu. Nimeuza na kutengeneza saa maisha yangu yote, na sijawahi kuona saa ikifanya kazi kubwa kuliko ile, nayo ilikuwa saa ya betri ya kawaida kabisa, iliyoshikwa na mtu asiye mhudumu kwa sababu ya ukutani ilikosa betri moja ndogo kama ya rimoti.

Kwa hiyo ombi langu kwa waganga wafawidhi wa mikoa yetu ya Mbeya, Songwe, Njombe na Iringa ni hili. Kila chumba cha kumwona mgonjwa, kila wodi, na leba kabla ya kwingine kote, pawekwe saa ya ukutani yenye mshale wa sekunde, kubwa ya kuonekana kutoka kitandani. Awepo mtu mmoja mwenye jukumu la kubadili betri kabla haijaisha. Karibu na karo ya kunawia pawe na kijisanduku chenye kufuli ambamo mhudumu ataacha saa na pete zake bila hofu ya kuibiwa. Mkiwataka watu wavue mali zao, wapeni pa kuziweka.

Na kwa anayetaka saa yake mwenyewe, ipo ile ya kifuani ambayo wauguzi wa zamani waliijua vizuri. Naitengeneza kutokana na saa ya mkono: natoa mkanda, naweka kishikizo na pini upande wa tarakimu ya 6, ili ikining'inia 12 iwe chini na mvaaji akiinamisha uso aisome sawasawa. Haigusi kifundo, haigusi maji, na mfuniko wake unafutika kwa spiriti. Muuguzi au daktari wa zahanati yoyote ya Rungwe, Mbarali au Mbeya vijijini alete saa yake ya zamani, hata kama haitembei, na pini ya kubania. Ufundi sitamtoza.

Fundi saa,
Mwanjelwa, Mbeya