Kwa Nini Tunatoza Kazi ya NiFi Ilhali Programu Zenyewe Ni za Bure

Wahasibu wetu hapa Sinza wanalijua lalamiko hili kwa ghibu. Mteja hupokea proforma, husoma mstari wa mabadiliko ya mitiririko ya data (njia ambazo data hupita kutoka mfumo mmoja hadi mwingine) kwa maktaba ya Python (amri zilizoandikwa tayari kwa lugha hiyo ya programu), kisha hupiga simu kuuliza kwa nini alipie kitu ambacho kijana wake wa kompyuta amekipakua mtandaoni bila kutoa hata shilingi moja. Hivi karibuni mteja mwenye maduka ya vipuri hakuishia kwenye kuuliza, bali alisema waziwazi kwamba amepunjwa, kwa sababu skripti tuliyomkabidhi, yaani orodha ya amri za kompyuta, haikujaza hata kurasa mbili. Kwa kuwa huenda wengine wana dukuduku hilohilo bila kulisema, tumeona tulijibu kwa maandishi.

Kuhusu programu zenyewe, mteja huyo hakukosea. Apache NiFi, jukwaa tunalolitumia kuhamisha data kati ya mifumo ya wateja wetu, lilitengenezwa ndani ya Shirika la Usalama wa Taifa la Marekani, NSA, likakabidhiwa kwa Apache Software Foundation mwaka 2014, na yeyote anaweza kulipakua na kulitumia. NiPyApi, maktaba ya Python inayoliamuru jukwaa hilo kupitia API yake (mlango wa kupokelea amri kutoka programu nyingine), nayo ni huria. Hatujawahi kuuza chochote kati ya hivyo viwili. Tunachotoza ni kazi ya kubadilisha mtiririko ulio hai, wenye data ndani yake, bila kupoteza rekodi wala kuzirudia, na kazi hiyo ni ndefu kuliko skripti inayoitekeleza.

Tuseme msambazaji wa Kariakoo ana matawi Mbagala, Tegeta na Gongo la Mboto, na kila tawi lina kundi lake la prosesa, yaani vile visanduku vya kwenye skrini vinavyosoma mauzo, kuyasafisha na kuyapeleka kwenye hifadhidata ya makao makuu. Siku hifadhidata hiyo inapohamia kwenye seva nyingine, anayebadilisha kwa kubofya kisanduku kimojakimoja hatakosa kusahau tawi moja, na aghalabu hugundua wakati wa kufunga hesabu za mwezi. Skripti hupita matawi yote kwa utaratibu uleule, huandika kila ilichokigusa, na huweza kujaribiwa kwanza kwenye seva ya majaribio kabla haijafika kwenye ile ya biashara.

Utaratibu huo ndio unaokula muda. Prosesa za mwanzo husimamishwa kwanza ili data mpya isiingie, kisha tunasubiri foleni zilizo mbele yake, yaani data inayosubiri kati ya prosesa na prosesa, zimalize mzigo. Prosesa iliyoamriwa kusimama si lazima iwe imetulia, kwa maana inaweza kuwa bado na kazi mkononi, na NiFi hukataa kuibadilisha hadi kazi hiyo iishe. Huduma ya pamoja inayoshikilia muunganisho wa hifadhidata nayo haibadilishwi mpaka prosesa zote zinazoitegemea zisimame na yenyewe izimwe. Juu ya hayo, kila kijenzi, iwe prosesa, huduma au muunganisho, kina namba ya marekebisho ambayo ombi lazima liibebe. Ikiwa mtu mwingine amekigusa kijenzi hicho kwenye skrini dakika chache kabla, namba yako imeshapitwa na ombi linarudishwa. Wengi wanaoiga vipande vya skripti mtandaoni hukwama hapa, na wanapokwama huona kwamba jukwaa linawabania. Kwa kweli linawazuia kufuta kazi ya mwenzao.

Hapo ndipo njia ya mkato inapoanza. NiPyApi ina amri za kufuta prosesa au kundi zima, na ndani ya amri hizo kuna chaguo la kulazimisha. Ukiliwasha, maktaba husimamisha kila kitu, humwaga foleni, hukata miunganisho, kisha hufuta. Kijana aliyechoka kukataliwa hulipenda sana chaguo hilo: anafuta kundi lote, analijenga upya kutoka kwenye faili, analiwasha, na visanduku vyote vinaonekana vinafanya kazi. Hatulilaumu chaguo lenyewe, kwani kwenye seva ya majaribio tunalitumia kila siku. Tatizo ni kulitumia mahali ambapo biashara inaendelea.

Muuza samani mmoja wa Keko, anayekopesha kabati na vitanda kwa malipo ya awamu, aliletewa suluhisho la namna hiyo na mtu aliyetoza chini ya nusu ya bei yetu. Mfumo wake ulikuwa ukisoma jedwali la malipo kwa prosesa ya QueryDatabaseTable na kumtumia kila mlipaji SMS ya kuthibitisha. Prosesa hiyo hukumbuka thamani ya mwisho iliyosoma, mathalani namba ya muamala, ili safari inayofuata ianzie hapo. Kumbukumbu hiyo hufungamana na prosesa ileile. Ukiifuta na kuunda nyingine yenye jina lilelile na mipangilio ileile, kwa NiFi hicho ni kitu kipya kabisa. Ni sawa na kumwachisha kazi karani wa stoo na kumwajiri mwingine bila kumkabidhi daftari: ataanza kuhesabu tangu gunia la kwanza. Prosesa mpya ilisoma jedwali lote, na watu waliokwisha kumaliza deni zamani wakapokea ujumbe wa malipo ambayo hawakuyafanya siku hiyo. Wengine walikuja dukani wakiamini wamewekewa deni jipya. Gharama ya SMS peke yake ilizidi tofauti ya bei aliyoikimbia, na bado alitulipa sisi kuondoa rekodi zilizojirudia kwenye ripoti zake.

Foleni nazo zina kisa chake. Msambazaji wa dawa alikuwa akipokea faili za mauzo kutoka tawini, na seva ya makao makuu ilizimika mwishoni mwa juma kwa sababu ya umeme. Faili ziliendelea kuingia NiFi na kusubiri kwenye foleni, kama inavyotakiwa. Jumatatu fundi wake alitaka kubadilisha muunganisho kati ya prosesa mbili, mahali foleni inapokaa, akaambiwa na jukwaa kwamba hauwezi kufutwa ukiwa na data, naye akaita amri ya kumwaga foleni. Hakujua kwamba prosesa ya GetFile, isipoelekezwa vinginevyo, hulifuta faili la asili pindi inapolichukua, hivyo kilichokuwa kwenye foleni kilikuwa nakala pekee. Wakati mwingine data iliyomwagwa hurejeshwa kutoka kwenye hifadhi ya kumbukumbu ya NiFi, ikiwa haijafikia umri wa kufutwa. Safari hii ilikuwa imeshafutwa. Wahudumu wa tawi waliingiza mauzo hayo upya kutoka kwenye nakala za risiti, na malipo ya ziada kwa wahudumu hao hayakuandikwa kwenye proforma ya yeyote.

Kwa sababu hiyo skripti zetu haziondoi kijenzi ambacho kinaweza kurekebishwa pale kilipo. Mtiririko ukiwa umesajiliwa kwenye NiFi Registry, ghala la matoleo ya mitiririko, tunaupandisha toleo, na prosesa zisizoondolewa hubaki na kumbukumbu zake. Usipokuwa umesajiliwa, hiyo ndiyo kazi yetu ya kwanza, na ndiyo inayofanya ankara ya mwanzo iwe kubwa kuliko zinazofuata.

Kuhusu siri, tutasema machache. NiFi haitoi nywila kupitia API wala kuziweka kwenye mtiririko uliopakuliwa, kwa hiyo kila ujenzi upya huhitaji nywila ziingizwe tena, na tumekuta watu wakiziandika ndani ya skripti na kuisambaza skripti hiyo kwenye kundi la WhatsApp la ofisi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi imeanza kutumika tangu tarehe 1 Mei 2023, na mwenye duka ndiye atakayeulizwa kuhusu namba za simu za wateja wake, si kijana aliyeandika skripti. Sisi huzisoma nywila kutoka kwenye mazingira ya seva, yaani mipangilio iliyo nje ya skripti, na kwenye jukwaa huziweka katika vigezo vilivyofichwa.

Skripti za zamani pia zinastahili tahadhari. NiFi 2.0 iliyotoka Novemba 2024 inahitaji Java 21, toleo la programu inayoiendesha, na imeondoa violezo vya XML (mitiririko iliyohifadhiwa kama faili) pamoja na vigeuzi vya mtindo wa zamani, hivyo skripti iliyojengwa juu ya hivyo haitafanya kazi hata ikiwa imekuhudumia vizuri kwa miaka. Kuihamisha ni kazi nyingine yenye bei yake, na hatuiingizi kimyakimya ndani ya mkataba wa matengenezo.

Tukirudi kwa mwenye vipuri, kurasa zile mbili zilitanguliwa na ukaguzi wa kila prosesa yake, nakala ya faili la mtiririko, majaribio kwenye seva ya pembeni, na mpango wa kurudisha hali ya awali endapo jambo lingeharibika. Tumempelekea kumbukumbu za majaribio hayo azisome, ingawa bei hatukuipunguza. Tunapunguza pale ambapo mteja ana seva yake ya majaribio na mitiririko iliyosajiliwa, kwa kuwa hapo kazi yenyewe imepungua.

Anayetaka proforma atutumie toleo la NiFi analotumia, maelezo mafupi ya anachotaka kibadilike, na mtiririko aliopakua kwa kubofya kundi husika kwa kitufe cha kulia cha kipanya. Asitutumie nywila, na tafadhali asimwage foleni yoyote kabla hatujaitazama.