TV ya ukutani na ekstensheni: waya upite wapi, ubebe nini

Kabla ya kufunga TV ukutani, wateja wengi hutuuliza kama ekstensheni itaimudu. Itaimudu. TV ya kisasa ya inchi 55 hula takriban wati 100 hadi 150, na kwenye umeme wa volti 230 hiyo haifiki hata ampia moja. Ekstensheni ya ampia 13 hubeba karibu wati 3,000. Ongeza king'amuzi, spika na mashine ya gemu, bado uko mbali. Hatari iko kwingine: njia unamopitishwa waya, plagi iliyolegea, na mtu atakayekuja kuchomeka pasi kwenye tundu lililobaki wazi.

Hiyo pasi huweza kula wati 2,000, na birika la umeme hata zaidi. Soma maandishi yaliyochapwa kwenye ganda la waya wa ekstensheni yako. Ukiona 3 × 0.75 mm², huo ni waya wa ampia 6 hivi, 1.25 mm² ndio wa ampia 13. Ekstensheni nyembamba yenye fyuzi ya 13 ni mtego, kwa sababu waya utaungua fyuzi ikiwa nzima. Fyuzi kazi yake ni kulinda waya, kwa hiyo kwenye waya wa 0.75 weka ya ampia 5. Waya usio na maandishi yoyote, uache dukani.

Sasa njia. Usifukie waya wa ekstensheni ndani ya lipu, wala usiupitishe kwenye tundu la ukuta. Ukishafunikwa joto halitoki, kingo za tundu hukwangua ganda, na siku mtu akitoboa ukuta atundike picha, drili itaugonga waya hapohapo. Ukichubuka hutajua. Upitishe juu ya ukuta, ndani ya mfereji wa plastiki wenye kifuniko. Wa milimita 25 kwa 16 unatosha waya wa TV na ule wa HDMI. Kifuniko kinachofunguka ni muhimu kwa sababu plagi haipenyi kwenye mfereji uliozibwa, na tusingependa uikate plagi ili ipenye. Misumari ya kubana waya nayo tunaikataa: pigo moja likizidi, ganda limepasuka.

Ekstensheni yenyewe ikae chini, si nyuma ya TV. Breketi bapa huacha nafasi ya sentimita 2 au 3 tu, na plagi yenye waya wake huhitaji zaidi ya hapo. Ukilazimisha, TV inaisukuma plagi, meno yanakaa upande na mguso unalegea. Geuza ekstensheni uangalie mgongo wake; nyingi zina vitundu viwili vya kuning'inizia kwenye skrubu. Ifunge ukutani au ndani ya kabati lenye hewa ili uzito wake usivute plagi. Chini ya zulia au nyuma ya pazia, hapana. Breketi ya kuzunguka iachie waya mlegezo wa sentimita 30 hivi, kisha zungusha TV hadi mwisho kila upande ukitazama kama waya unabanwa kwenye viungo.

Usichomeke ekstensheni kwenye ekstensheni. Kila kiungo ni mahali pengine pa kulegea. Ile ya kuviringishwa kwenye gurudumu ikunjue yote kabla ya kuitumia.

Kipimo rahisi: washa TV kwa saa moja, zima soketi, kisha gusa plagi. Mkondo wa TV ni mdogo mno kuipasha moto, hivyo ukikuta joto jua mguso ni mbovu. Mlio wa kutatarika, rangi ya kahawia kwenye tundu au harufu ya plastiki iliyoungua, maana yake ni hiyohiyo. Badilisha ekstensheni; lakini kama joto liko kwenye soketi ya ukutani, mwite fundi umeme.

Ekstensheni yenye kinga ya radi na mruko wa ghafla wa umeme huhitaji waya wa ardhi unaofanya kazi. Kinga hiyo huchakaa: taa yake ya kinga ikizimika, matundu huweza kuendelea kutoa umeme lakini ulinzi umekwisha. Umeme unaopanda na kushuka ni tatizo jingine, linalotaka kifaa cha kukata umeme na kusubiri utulie.

Njia tunayoipendekeza kwa TV isiyohama ni soketi nyuma yake: kisanduku kilichozama ukutani, pembeni mwa breketi, na waya wa kudumu wa 2.5 mm² ndani ya bomba linalopanda wima moja kwa moja, ili anayekuja kutoboa baadaye ajue ulipo. Kazi hii ni ya kabla ya rangi. Ukituita, tutumie picha ya ukuta mzima, umbali kutoka soketi iliyo karibu, na aina ya breketi uliyonunua.